Kompyuta ya sinema sebuleni Gulwe: pesa ianzie wapi?

Ingia duka la kompyuta Kariakoo au Dodoma mjini, sema unatafuta mashine ya kutazamia filamu nyumbani, na swali la kwanza utakaloulizwa ni la prosesa. Utaoneshwa i3, i5 na i7, kila moja na bei yake, na mazungumzo yatabaki hapo mpaka bajeti imalizike. Kwa mtu wa Gulwe, kijiji cha stesheni ya Reli ya Kati wilayani Mpwapwa, utaratibu huo umeanzia mwisho. Kuna mambo matano yanayotangulia: umeme wa nyumba yenyewe, vumbi, filamu zinakotoka, skrini iliyopo na sauti ya chumba. Hayo yakishaamuliwa, prosesa inabaki na nafasi ndogo sana ya kubishaniwa.

Lakini kabla ya hayo, je, kompyuta inahitajika kweli? Televisheni Bara bado ni kitu cha juzi. Zanzibar walikuwa na picha ya rangi tangu miaka ya 1970, ilhali Bara ilisubiri hadi 1994, vituo vya binafsi kama ITV vilipoanza. Kwa hiyo watu wengi wa vijijini waliijua filamu kwenye kibanda umiza, kwa deki ya video na baadaye DVD, huku mtafsiri wa filamu Lufufu akisimulia kwa Kiswahili juu ya mapigano ya Kichina na mapenzi ya Kihindi. Kisha mitambo ya analojia ikazimwa, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na miji mingine mwaka uliofuata, na king'amuzi kikawa sehemu ya samani ya sebule. Mtu ambaye haja yake ni Ligi Kuu, taarifa ya habari na tamthilia za jioni ameshapata dawa yake kwenye king'amuzi hicho. Nitamshauri asinunue kompyuta, na pesa yake aiweke kwenye TV nzuri zaidi.

Kompyuta inaanza kuwa na maana kwa familia yenye mkusanyiko: filamu zilizojaa kwenye flashi, mahubiri, kwaya, video za harusi na kipaimara, michezo ya katuni ya watoto. TV nyingi za kawaida husoma flashi, ila husoma kwa masharti. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, na TV nyingi za zamani hazitambui exFAT, ambayo ingelipokea. Faili likishaingia, TV inaweza kutoa picha bila sauti, au sauti bila picha, kwa sababu haijui namna video ile ilivyobanwa. Kompyuta yenye programu ya VLC au Kodi hucheza karibu kila kitu, na mchana mtoto wa sekondari anaifanyia kazi zake. Hizo ndizo sababu mbili ninazoziamini.

Sasa tuje ukutani, kwenye soketi. Kwenye karatasi umeme wetu ni volti 230 kwa hezi 50. Mwisho wa laini ndefu ya kijijini mambo ni mengine: saa mbili usiku, pasi na taa za kila nyumba zikiwa zimewashwa, volti hushuka, na umeme uliokatika hurudi kwa kishindo. Kuunganishiwa umeme kijijini kumekuwa kwa shilingi 27,000, hivyo mtu atashangaa kuambiwa kwamba kifaa cha kulinda vyombo vyake kinaweza kumgharimu zaidi ya kuuleta umeme wenyewe. Ndivyo ilivyo, na kifaa hicho ndicho cha kununuliwa kwanza.

Vipo vifaa vya aina tatu na watu huvichanganya. Friji gadi hukata umeme ukizidi au ukipungua, husubiri dakika chache, kisha huurudisha. Ni kizuri kwa TV, lakini kwa kompyuta kukata huko ni kuzimwa ghafla. Stabilaiza hupandisha na kushusha volti ili kifaa kipate kiwango chake. UPS ina betri, na hukupa muda wa kuzima kwa utaratibu. Kabla ya kutoa pesa kwa kimojawapo, geuza adapta ya kompyuta usome maandishi yake. Ikiwa imeandikwa 100–240V, kama zilivyo adapta za laptop na za kompyuta ndogo za ofisini, volti kushuka hadi 170 haiisumbui hata kidogo, na stabilaiza ni pesa iliyotupwa bure. Kompyuta ya mezani ya zamani, yenye swichi nyekundu ya 115 na 230 nyuma yake, haina uvumilivu huo.

Betri za UPS hizi ndogo ni za risasi, na hazipendi joto. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza uhai wa betri kwa nusu. Chumba cha bati mwezi wa Novemba, kabla mvua hazijashuka, kinaila betri ya miaka minne ikafa kwenye wa pili. Hapo ndipo laptop inapoishinda kila mashine nyingine. Ina UPS yake ndani. Umeme ukikatika TV inazimika, lakini kompyuta inaendelea na diski haipati mshtuko. Na laptop bora kwa kazi hii ni ile ambayo wengine hawaitaki, iliyopasuka kioo. Mashine ya ofisi yenye ubao mzima, kibodi nzima, tundu la HDMI linalofanya kazi na kioo kilichovunjika huuzwa kwa sehemu tu ya bei ya nzima, na wewe kioo unacho tayari ukutani. Mwambie fundi akitoe kabisa kile kilichopasuka, kwa sababu laptop iliyofungwa kifuniko hushindwa kupumua. Kabla ya kulipa, chomoa waya wa umeme, cheza filamu, uone betri inakwenda muda gani. Isipofikisha nusu saa, faida niliyoisema imekufa.

Kuna jambo la ethi pia, na katika nyanda hizi kavu lina uzito. Msumari wa ethi uliopigwa ardhini wakati wa masika hukutana na udongo wenye unyevu, na kipimo husoma vizuri. Kufika Septemba udongo umekauka, ethi haishiki tena, na ukigusa kasha la bati la kompyuta unasikia mtekenyo vidoleni, wakati sabufa inanguruma hata filamu ikiwa imesimama. Wengi hubadilisha waya wa sauti mara tatu bila kufanikiwa. Dawa ni msumari mrefu zaidi, uliozamishwa mpaka udongo usiokauka kiangazi, na fundi aupime mwezi wa Oktoba.

Umeme una upande wa pili, nao ni LUKU. Mteja wa daraja la D1 hupata uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi. Akizivuka, kila uniti inayozidi ni shilingi 350. Kompyuta ndogo ya ofisini inayocheza filamu hula wati 15 hivi, TV ya LED ya inchi 32 wati 50, sabufa wati 30. Jumla ni 95, na kwa saa nne kila usiku hiyo ni uniti 11 na kidogo kwa mwezi. Chukua sasa Core 2 Duo ya zamani ya wati 90, TV ya plazma ya mtumba ya inchi 42 inayokula 250, na amplifaya ya 60. Hizo ni wati 400, sawa na uniti 48. Friji ikila uniti 30, nyumba ya kwanza iko 41 na ya pili imefika 78 kabla ya pasi na taa. Kompyuta ya bei rahisi sana dukani inaweza kuihamisha familia kutoka bei moja ya umeme hadi nyingine, kila mwezi, kwa miaka yote itakayokuwa sebuleni.

Vumbi halihitaji maelezo marefu kwa mtu anayeishi bonde la Kinyasungwe. Anajua Agosti na Septemba upepo unavyokuwa. La kuzingatia ni kwamba feni ya kompyuta hufanya kazi ya kuvuta, na kinachovutwa hujaa kati ya mapezi ya shaba juu ya prosesa kama blanketi. Prosesa ikipata joto hujipunguza kasi yenyewe, na filamu iliyokuwa laini mwezi wa Mei inaanza kukwama Oktoba. Mtu anadhani mashine imezeeka. Kuinua kompyuta kutoka sakafuni hadi kwenye rafu, kuipuliza kwa bloa mara mbili kwa mwaka huku feni imezuiwa kwa kidole isizunguke, na kubadilisha grisi iliyokauka chini ya kipozeo, hasa kwa mashine ya mtumba, hurudisha kasi yake yote. Mashine zisizo na feni kabisa zipo na zinavutia, ila nyingi ni dhaifu na hutegemea hewa ya chumba kuwa baridi. Ndani ya nyumba ya bati saa tisa mchana sizipendekezi.

Filamu zinatoka wapi? Swali hili ndilo linalochagua prosesa, na wauzaji hawaliulizi kamwe. Kutazama moja kwa moja mtandaoni kwa ubora wa HD kunaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Filamu ya saa mbili imemaliza kifurushi. Kwa hiyo Gulwe, kama vijiji vingi, filamu husafiri kwa flashi na memori kadi, au hushushwa usiku wa manane bando likiwa nafuu. Anayetunza bando hupenda faili dogo, na mafaili madogo ya siku hizi yamebanwa kwa mfumo wa HEVC, mara nyingi wa biti 10. Filamu ambayo kwa mfumo wa H.264 ingekuwa GB 2 inatosha kwenye GB 1 bila picha kuharibika. Ila kulifumbua faili hilo ni kazi nzito, isipokuwa kwa prosesa yenye sehemu maalumu ya kazi hiyo.

Kwa Intel, sehemu hiyo ilikuja kwa hatua. Kizazi cha sita, cha 2015, hufumbua HEVC ya biti 8. Kizazi cha saba, kilichoingia kwenye kompyuta za mezani mwaka 2017, hufumbua biti 10 pamoja na VP9 inayotumiwa na YouTube. Mfumo wa AV1 ulisubiri kizazi cha 11. Kizazi husomeka kwenye namba: i5-4590 ni cha nne, i5-6500T cha sita, i3-7100T cha saba, na ile T ya mwisho ina maana ya prosesa ya wati 35. Sasa ona: i3 ya kizazi cha saba itacheza faili la HEVC la biti 10 huku imetulia, wati chache tu, feni haisikiki. I7 ya kizazi cha tatu, ambayo muuzaji ataisifu zaidi na huenda akaiuza ghali zaidi, italazimika kulifumbua kwa nguvu, itachemka, na kwenye mandhari yenye mwendo mwingi huenda ikaruka fremu. Jina i7 halikuokoi. Nikisema prosesa hujichagua, maana yangu ni hii: bando la familia limeshaamua kizazi.

Kwa hiyo chaguo langu kwa asiyetaka laptop ni kompyuta ndogo ya ofisi ya kizazi cha saba, au cha sita ikiwa mafaili yako ni ya biti 8: Dell OptiPlex 3050 Micro, HP EliteDesk 800 G3 Mini, au Lenovo ThinkCentre za Tiny za miaka hiyo. Zilitengenezwa kwa maofisi, zikatumika, na soko la mtumba linazo. Tazama matundu ya nyuma. Dell nyingi za kizazi cha nne, kama OptiPlex 7020, hazina HDMI, zina DisplayPort na VGA. Adapta ya DisplayPort kwenda HDMI hupitisha picha na sauti pamoja. Ya VGA hupitisha picha peke yake. Betri ndogo ya saa ya CR2032 ibadilishwe siku hiyohiyo, kwa sababu ikifa, kila umeme ukikatika kompyuta inarudi tarehe za zamani na tovuti zinakataa kufunguka. RAM ya GB 8 inatosha. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haizipokei prosesa hizi, kwa hiyo weka Linux Mint kama watoto wataitumia kwa masomo, au LibreELEC kama ni ya filamu tu. Zote ni bure.

Kuhusu skrini sitakaa sana. TV nyingi za inchi 32 zina nukta 1366 kwa 768, chini ya Full HD yenyewe. Mwenye TV hiyo anayetafuta kompyuta na filamu za 4K anabeba maji yasiyoingia kwenye ndoo. Projekta inavutia kwa picha kubwa, lakini taa yake huzeeka, vumbi huingia kwenye lenzi, na chumba cha mapazia mepesi hakiwi giza mchana.

Sauti ndiyo ninayoiona imedharauliwa kuliko vyote. Sebule ya kawaida ina kuta za tofali lililopigwa plasta, sakafu ya saruji na bati juu bila silingi bodi. Neno likitamkwa linagonga kuta nne na kurudi. Ndani ya chumba hicho tunaweka sabufa yenye besi ya kutikisa vioo, kisha tunalalamika kwamba waigizaji hawasikiki. Tatizo moja ni chumba: mkeka mpana au zulia, mapazia mazito na makochi ya kitambaa hufanya kazi kubwa kuliko spika mpya. Tembe ya Kigogo, kwa kuta zake nene za udongo na paa la udongo, ilikuwa na utulivu ambao bati halina. Mvua ikinyesha juu yake mnaendelea kuongea. (Udongo wake unaodondoka juu ya vyombo ni hadithi nyingine.)

Tatizo la pili liko kwenye mpangilio wa programu, na kulirekebisha ni bure. Filamu nyingi zina sauti ya njia 5.1, ambapo mazungumzo mengi huwekwa kwenye spika ya katikati. Sabufa ya spika mbili haina spika hiyo. Kompyuta ikiamini kwamba ipo, mazungumzo yanapelekwa pasipo na kitu na unabaki na muziki na milio ya risasi. Kwenye Kodi, ingia kwenye mipangilio ya sauti, weka idadi ya njia iwe 2.0, halafu ongeza kiwango cha mchanganyo wa katikati. Punguza na besi kwenye sabufa yenyewe. Watu waliokwisha kuamua kununua spika mpya wamesikia maneno kwa mara ya kwanza baada ya hatua hizo. Sisi ni watazamaji wa maneno; tulikulia kwenye filamu zinazosimuliwa, na mzee anayetazama na wajukuu anataka asikie kilichosemwa. Pesa ikibaki, iende kwenye spika mbili safi za ukubwa wa wastani, na besi isubiri mwaka mwingine.

Kuna kifaa kimoja kisichotajwa tena kwenye ushauri wa kompyuta mpya, nacho kwetu ni cha lazima: kisomaji cha DVD, cha nje, cha kuchomeka kwenye USB. Sanduku la mama lina DVD za harusi, za send-off, za msiba wa babu. Nyingi zilichomwa kwenye diski tupu za bei ya chini, na rangi inayobeba data kwenye diski za namna hiyo hufifia, joto likiiharakisha. Kompyuta ya sinema ikiwa na kazi moja tu katika nyumba, iwe kuzinakili hizo kabla hazijakataa kusomeka. DVD moja haizidi GB 4.7 kwa diski za kawaida, hivyo diski ya TB 1 inabeba zaidi ya 200 na bado kuna nafasi.

Ukizicheza, utagundua jambo lingine. Video hizo zilirekodiwa kwa PAL, mistari 576, fremu 25 kwa sekunde, kwa sababu ndio mfumo tuliorithi. Kompyuta nyingi hutoa picha kwenye TV kwa hezi 60 bila kuulizwa. Fremu 25 hazigawanyiki sawasawa ndani ya 60, kwa hiyo kamera inapopita polepole juu ya wageni, picha inajikwaa kidogo kila sekunde. Weka kompyuta itoe hezi 50, au iruhusu Kodi ibadilishe kasi kulingana na faili, na mwendo unanyooka. Washa pia uondoaji wa mistari mseto, la sivyo mikono ya wapiga ngoma itaonekana kama imechanwa kwa kitana.

Hapo tunagusa suala la haki. Kunakili DVD ya harusi ya dada yako ili isipotee ni kutunza mali ya familia. Kujaza flashi kwa filamu za Bongo kwenye kibanda cha kunakili ni jambo tofauti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda aliyeitengeneza, na soko la filamu zetu limeumia sana kwa mtindo huo. Filamu ya Kitanzania inayouzwa kihalali, kwa diski au mtandaoni, inunuliwe. 

Kwa uhifadhi, tenganisha mfumo na filamu. SSD ya GB 120 au 240 ibebe mfumo. Haina kinachozunguka ndani, na kukatika umeme hakuikwaruzi. Filamu zikae kwenye diski ya nje ya kuzunguka, ya TB 1 au 2, iliyonunuliwa mpya. Diski ya mtumba ndiyo sehemu pekee ya mtumba ninayoikataa kabisa, kwa sababu saa ilizokwisha kuzunguka hazirudi. Kibodi ndogo isiyo na waya inatosha kwa rimoti, na simu yenye programu ya Kore huiongoza Kodi kupitia hotspoti hata bando likiwa sifuri.

Video za familia zinahitaji diski ya pili, na hiyo isikae Gulwe. Nakili, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, mpe ndugu aliyeko Mpwapwa mjini au Dodoma, na kila Desemba watu wanaporudi nyumbani, aje nayo iongezewe mapya. Radi ikipiga nguzo ya umeme au mto ukifurika kama unavyofanya bonde hili, kompyuta itanunuliwa nyingine kwa bei ya mtumba ya mwaka huo, na picha za watu zitakuwa kwenye ile diski ya ndugu.